Mama anasahau, na kaka wanataka asitoke: jibu kwa msomaji wa Wete

Swali

"Assalaam alaykum dokta. Mama yangu ana miaka 76, tunakaa Wete, Pemba. Mwaka wa tatu sasa anasahau. Anauliza jambo moja mara kumi, anamuulizia baba aliyefariki 2011, na Alaasiri anaweza kuisali mara tatu. Mwaka jana kwenye hitima alisimama katikati ya watu akagombana na mtu ambaye hakuwepo. Tangu siku hiyo kaka zangu wamesema asitolewe tena, tumsitiri. Shoga zake wawili waliokuwa wakija kusuka ukili naye hawaji tena. Nami ule ukili nimemwondolea kwa sababu alikuwa anauharibu, nimeuweka juu ya kabati. Sasa anashinda chumbani na redio, na jioni anahangaika, anataka 'kwenda kwao'. Kaka mkubwa anataka kumchukua Unguja, kwenye nyumba yake ya ghorofani Michenzani. Je, kumchanganya na watu kunamsaidia au kunamzidishia? Na huu ni uzee tu, au kuna la kufanya?"

Jibu

Waalaykum salaam, mwanangu. Kwanza nikusahihishe kidogo: mimi si dokta, ni muuguzi wa maradhi ya akili niliyestaafu. Huku kwetu kila aliyevaa nguo nyeupe ni dokta, nami nimeacha kubisha zamani. Kazi yangu nyingi niliifanya majumbani kwa watu, Unguja na Pemba, na habari kama yako nimeisikia mara nyingi sana. Kila nyumba ina hitima yake moja, au arusi yake moja, ambayo baada yake mlango ulifungwa.

Jawabu fupi: mtoeni, lakini si kwa namna ileile mliyokuwa mkimtoa alipokuwa mzima. Na kabla ya hapo mpelekeni akaangaliwe, kwa sababu barua yako yote haitaji hospitali hata mara moja.

Uzee peke yake hauleti haya. Mzee mzima hupoteza miwani, husahau jina la mtu, kisha likamjia usiku yuko kitandani. Mama yako anasahau kwamba ameuliza, na hata ukimkumbusha hapati pa kushika. Hayo ni maradhi. Jina lake la jumla ni dimensia, na aina zake ni nyingi. Iliyo kubwa ni ya Alzheimer, aliyoieleza daktari Mjerumani Alois Alzheimer mwaka 1906. Nyingine inatokana na mishipa midogo ya damu ya ubongo kuziba au kuvuja kidogo kidogo, na kwa presha na sukari tulizonazo visiwani, hiyo si ngeni kwetu. Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 57 wenye dimensia mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi za kipato kama chetu. Wakikwambia ni maradhi ya Wazungu, waambie kwamba watafiti waliwapima wazee wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wakawakuta nayo karibu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea.

Watakuja pia wa kusema ni shetani, au karogwa. Mimi sigombani na mtu anayetaka kumsomea mama yake. Kisomo cha sauti ya taratibu kinatuliza, nimeshuhudia. Ninachokikataa ni kamba, viboko, kufukizwa mpaka mtu akakosa pumzi, na kuachishwa vidonge vyake vya presha.

Sasa nikueleze kinachotokea kichwani mwake, maana ukikielewa, mengine utayaamua mwenyewe bila ya mimi. Ndani ya ubongo, usawa wa masikio, upande huu na upande huu, kuna sehemu inaitwa hipokampasi. Jina hilo ni la farasi wa baharini, yule kiumbe mdogo anayenasa kwenye nyavu, kwa kuwa wamefanana umbo. Kazi yake ni kuishona leo kwenye jana. Maradhi ya Alzheimer huanzia maeneo hayo. Wewe ni mtoto wa msusi, unajua mkeka ukifumuka unaanzia wapi: kwenye mshono wa mwisho. Kwa hiyo mama hajui kama amekunywa chai, lakini anaweza kukwambia nani alimfunga mkaja alipomzaa kaka yako mkubwa. Si ujanja, wala si kwamba "anakumbuka anachokitaka", kama nilivyosikia wakwe wengi wakisema.

Lakini kumbukumbu hazikai zote chumba kimoja. Ujuzi wa mikono, kama kusuka, kukuna nazi na kupepeta mchele, una njia nyingine ubongoni. Sura alizozihifadhi chuoni akiwa mtoto nazo zimezama mbali. Vitu hivi huchelewa sana kuguswa. Na hisia nazo zina mahali pake. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwaonyesha wagonjwa wa Alzheimer vipande vya filamu, vya huzuni na vya furaha. Baada ya dakika chache hawakukumbuka vizuri walichokiona, wengine hawakukumbuka chochote, lakini huzuni au furaha yenyewe ilikuwa bado wanayo. Waliosahau zaidi ndio ambao huzuni iliwakaa zaidi.

Basi mfikirie mama chumbani na redio yake. Hajui kwamba amefungiwa, hajui tangu lini wala kwa kosa gani. Anachobaki nacho ni unyonge, na hajui umetoka wapi. Ikifika jioni, na mwili umechoka, unyonge ule unatafuta mlango.

Je, watu watamponya? Hapana, na asikudanganye mtu. Upweke umo katika mambo 14 ambayo jopo la jarida la Lancet liliyataja mwaka 2024 kuwa yanaongeza hatari ya dimensia, pamoja na kutosikia vizuri, kutoona vizuri, presha na sukari. Lakini kwa ambaye tayari anayo, baraza hairudishi kilichopotea. Inachofanya ni kukitumia kilichobaki ili kisilale. Kulekule Hai walijaribu vikao vya pamoja, mara 14 kwa wiki saba, wazee wachache wanakaa, wanashika vitu, wanaimba, wanapiga soga juu ya jambo moja. Walipopimwa baadaye walikuwa na nafuu ya fikra na ya tabia. Nafuu ndogo, lakini waliokuwa wakiwauguza nyumbani wanajua thamani ya nafuu ndogo.

Siri ya vikao vile unaweza kuifanya ukumbini kwako kesho: usimuulize linalotaka kumbukumbu, muulize linalotaka maoni. "Jana ulikula nini?" ni mtihani, na atafeli. "Pweza mtamu wa nazi au wa kukaanga?" hana wa kumkosoa. Nimemwona bibi mmoja ambaye hakujua mwaka wala mwezi akitoa hukumu juu ya mkate wa kumimina wa mkamwana wake, kwa ufasaha ambao mkamwana hakuufurahia.

Mtihani mbaya kuliko yote tunaufanya Idi mosi. Mjukuu anaingia, anasimama mbele ya bibi na kanzu yake mpya: "Bibi, mimi nani?" Watu kimya, wote wanamtazama. Bibi anacheka, anababaika, anataja jina la mtu aliyekufa, na chumba kizima kinaguna. Wanaofanya hivyo wana mapenzi, wanataka wajue kama bado wamo moyoni mwake. Jina na moyo ni vitu viwili. Wafundishe watoto waingie hivi: wakae chini usawa wa macho yake, wamshike mkono, waseme, "Shikamoo bibi, mimi fulani, mtoto wa mwanao fulani, nimekuletea halua." Bila ya swali mwishoni. Utaona uso unavyofunguka.

Nirudi kwenye hitima, maana kaka zako wanaichukua kama ushahidi. Ubongo mzima unachuja: unasikiliza sauti moja na kuziacha nyingine. Wa mama hauchuji tena. Wewe ulisikia kisomo. Yeye alisikia kipaza sauti, feni, watoto, sufuria za uani na wanawake hamsini wanaonong'ona, wote wamevaa baibui nyeusi hata hajui nani ni nani. Mtu aliyetishika anagombana na yeyote. Hitima ijayo mpeleke mapema kabla ya msongamano, akae pembeni karibu na mlango, na mtu mmoja ambaye kazi yake siku hiyo ni yeye tu, si kupakua wali. Nusu saa inatosha. Akianza kuvutavuta ukaya wake au kuulizauliza, hiyo ndiyo dalili, ondokeni kabla ya vurugu. Arusi za usiku zenye muziki ningeziacha kabisa.

Lakini ikiwa hata nyumbani kwenye utulivu anaona watu wasiokuwepo, mweleze daktari wazi. Ipo aina ya dimensia inayokuja hivyo, na wenye aina hiyo huumizwa vibaya na baadhi ya dawa za akili.

Na neno sitara. Kaka zako hawana ubaya. Wamelishika neno zuri kwa upande usio wake. Kumsitiri mama ni kumvisha vizuri, kumpeleka chooni kabla hajajiloweka, kumgeuzia watu mazungumzo anapokosea. Kumwondoa machoni mwa watu ni kuisitiri familia. Nimewaambia hivyo wanaume wakubwa wa familia zao, wakanikasirikia, kisha wakaniita tena.

Kuna mzee mmoja mvuvi huko kaskazini mwa Unguja, nilimkuta amefungiwa kwa sababu kila alfajiri alitaka kwenda pwani. Wanawe walihofia bahari, na hofu yao ilikuwa ya haki. Tulizungumza na vijana wa chombo chake cha zamani. Wakakubali kila asubuhi mmoja wao apite amchukue, akae nao chini ya mkungu, apewe nyavu iliyotatuka na sindano ya kushonea. Mikono ilijua, ikienda yenyewe. Vifundo vingine vilikuwa sawa, vingine ovyo. Jioni wale vijana walivifumua vile vibovu, na asubuhi wakampa nyavu ileile. Mwanawe mmoja aliniuliza kama huo si udanganyifu. Nimelifikiria swali hilo miaka mingi. Mzee alikuwa na kazi, akisalimiwa kwa jina lake la chomboni, akila muhogo na wenzake, na mkewe alipata muda wa saa tatu kila asubuhi wa kupumua. Sikuona aliyedhulumiwa.

Kwa mama yako hatua ya kwanza ni wale shoga zake wawili. Usisubiri waje, nenda wewe. Nadhani hawakumchoka, wameogopa: hawajui wamjibu nini akiuliza mara ya tano. Waambie wamjibu mara ya tano kama ya kwanza, au wamtilie kitu mkononi. Waje mmoja mmoja, saa nne asubuhi akiwa ameshakunywa chai na yuko vizuri, waje na ukili wao. Wasuke. Mama akizungumza wamfuate anakokwenda, akinyamaza wanyamaze. Msimu wa karafuu ukifika, mkiwa mnachambua, mtilieni fungu lake kwenye sinia. Kuna harufu anayoijua tangu utotoni, mikono ina la kufanya, maneno yanapita juu yake bila ya mtu kumtaka ajibu. Akichanganya makonyo na karafuu mtachambua tena, hasara gani?

Kuhusu Unguja. Kaka anataka kusaidia, na ikiwa wewe umeelemewa kabisa, nyumba yenye mikono mingi ni bora kuliko mapenzi yaliyochoka. Lakini apime. Mama anaishi kwa mazoea ya mwili: miguu inajua choo kiko wapi, mkono unajua kidumu cha maji. Umpandishe boti, umpeleke ghorofani, ngazi, milango yote inafanana, majirani hawamjui; wengi hudhoofika baada ya uhamisho wa namna hiyo, na wengine hawarudi walipokuwa. Kibaya zaidi ni ile zamu ya miezi mitatu kwa huyu na mitatu kwa yule, ambayo kila mtoto anaiona ndiyo haki. Kwa watoto ni haki. Makaazi ya wazee, Limbani hapo kwenu au Sebleni na Welezo kule Unguja, yapo zaidi kwa wazee wasio na watu, na nyinyi mpo.

Ningekuwa mimi, ningemwambia kaka: kaa huko, lipa mtu. Kijana wa kike mtulivu wa kukaa na mama kila siku asubuhi, na wewe kaka uje Pemba wiki moja kila baada ya muda, ulale chumba cha pili, uamke naye usiku. Sasa hivi wao wanatoa amri na wewe unatoa usingizi. Mama akiwa bado hajaandikishwa Pensheni Jamii, ile ya wenye miaka 70 na kuendelea iliyoanza 2016, pitia kwa sheha. Fedha zile hazilipi mlezi, ila zinanunua maziwa na nepi.

Baba. Usimwambie "kafa!" kila anapouliza, kwake kila mara ni msiba mpya. Wala huna haja ya kusema yuko sokoni, maana atamsubiri. Jibu lile linalomuuma: "Umemkumbuka baba? Alikuwa akipenda nini?" Mara nyingi atazungumza, na swali litapita. Akiuliza kwa utulivu na anataka kujua hasa, mwambie mara moja, kwa upole, "Allah amrehemu," mumsomee Fatiha pamoja.

Sala. Akisali Alaasiri mara tatu, mwache asali. Usimpigie kelele kutoka jikoni kwamba ameshasali. Kwa hukumu muulize sheikh wako, nadhani atakwambia kalamu imenyanyuliwa kwa aliyeondokewa na akili. Kwa upande wangu wa uuguzi nakwambia msala ni mahali ambapo mwili wake haubabaiki, na hapo hapana wa kumtoa.

Jioni washa taa kabla giza halijaingia, mpe chai na kitu cha kula, mpeleke choo. "Kwetu" anakotaka kwenda huenda ni nyumba iliyobomoka zamani, au ni utulivu tu. Usibishane naye. Vaa baibui, mshike mkono, mzunguke mpaka msikitini na kurudi. Wengi wakiingia mlango uleule huwa "wamefika". Msimfungie kwa kufuli. Mwambieni sheha, mwenye duka na vijana wa bodaboda kwamba mama anapotea, na mshonee namba yako ya simu kwenye upindo wa kanga. Na kisima kifunikwe.

Sasa hospitali. Wiki hii mpeleke Wete hapohapo, au Chake Chake, au Abdalla Mzee Mkoani. Waombe wapime presha, sukari, damu, na tezi ya shingoni ikiwezekana, kwa sababu yapo yanayofanana na dimensia na yanatibika: upungufu wa vitamini B12, tezi iliyolegea, sonona, damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka. Chukua vidonge vyake vyote mfukoni, hata vya dukani. Masikio yatazamwe, nta peke yake imewafanya wazee wengi waonekane wehu. Na macho, kwa mtoto wa jicho. Wakikupa dawa ya Alzheimer kama donepezil, jua inawapa baadhi ya watu nafuu ya muda, haisimamishi maradhi. Wakikupa haloperidol, dawa ya akili, ili "atulie", uliza kwa nini, kipimo gani, mpaka lini. Kwa wenye dimensia dawa za kundi hilo huwakakamaza, huwaangusha, na huongeza hatari ya kiharusi na kifo. Zipo hali zinazozihitaji, lakini kuuliza swali moja mara kumi si mojawapo. Unguja kuna Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili, kwa ushauri zaidi, ikibidi.

Usingoje hata wiki ikiwa amebadilika ghafla: jana alikuwa hivi, leo anaweweseka, analala mchana kutwa au hakamatiki. Hiyo mara nyingi si dimensia iliyozidi, ni homa, maambukizi ya mkojo, kukosa maji au kukosa choo, na inataka kutibiwa siku hiyohiyo. Vilevile mdomo ukipinda, upande mmoja ukilegea, akianguka na kichwa, au akiacha kula na kunywa. Na ikiwa wewe mwenyewe umeanza kumpiga, au kutamani kumpiga, nenda ukaseme. Hakuna muuguzi wa fani yetu atakayekushangaa.

Halafu shusha ule ukili kabatini. Utakuwa umekauka, na chane za ukindu zitakatika akizikunja, kwa hiyo ziloweshe kwanza, uziweke kivulini kwenye kitambaa kibichi. Mpe mkononi, usimwambie afanye nini. Kama hazijalainika vya kutosha, yeye ndiye atakayekurudishia.